Wodi zetu Kigoma zimejaa watu ambao hawakutakiwa kulazwa, tujadili kwa nini

Nesi_Zamu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Bandiko refu hili, asiyependa kusoma apite tu bila matusi.

Kila masika wodi za watoto huku kwetu zinafurika mpaka wanalala wawili watatu kitanda kimoja, na kila mwaka tunasema mvua zimezidi, mbu wamezidi, tunafunga mjadala. Mi nafanya kazi wodini ndani ya mkoa huu (hospitali siitaji, msianze kunitafuta) na kwa ninavyoona mbu ana kesi yake lakini hajafanya peke yake. Ukikaa na mafaili unakuta wengi waliolazwa wana ugonjwa ambao ungeishia zahanati. Mtoto wa malaria angepimwa siku ya kwanza akapewa mseto, asingefika kwetu viganja vyeupe anatafutiwa damu saa nane usiku. Mtu mzima wa presha angekuwa na vidonge vyake mfululizo asingeletwa kapooza upande mmoja. Wa kisukari analetwa mguu umeshaoza. Pumu, kuhara, nimonia, kifafa, hadithi ni hiyo hiyo.

Wenzetu nje huko wanalipima kabisa jambo hili. Mwaka 1993 jamaa anaitwa John Billings na wenzake walitoa utafiti wao wa New York, walichukua watu waliolazwa kwa magonjwa ya aina hii wakawapanga kwa mitaa wanakotoka, na mitaa ya maskini ikatoa wagonjwa wengi zaidi, tena siyo kwa tofauti ndogo. Na ule ni mji mmoja wenye madaktari mpaka wa kumwaga. Tangu miaka ile kulazwa kwa namna hii kunatumika kama kipimo cha huduma za ngazi ya chini, zile za zahanati na kituo cha afya, yaani ukiona wodi imejaa pumu na sukari ujue kuna kitu kilishakufa huko mtaani kabla mgonjwa hajafika getini.

Sasa hoja yangu ndo hii. Tunasema "umaskini" utadhani ni kitu kimoja. Mtu aliyefulia mwezi huu na mtu ambaye ukoo wao umefulia tangu babu, hao ni watu wawili tofauti. Wa kwanza mtoto akichemka anampigia kaka yake Dar, anakopa dukani, kuna nesi anamfahamu, ikishindikana anauza simu. Wa pili ndugu zake wote wako hali ile ile, dukani tayari anadaiwa, hana anayemjua kituoni, na cha kuuza alishakiuza kwenye ugonjwa uliopita. Mbu ni yule yule jamani. Wa kwanza mtoto anapona nyumbani, wa pili anapewa kitanda.

Angalieni inavyokwenda. Homa inaanza jioni, panadol ya dukani. Asubuhi mtoto kapoa kidogo maana malaria ina tabia hiyo ya kupanda na kushuka, mama anamshukuru Mungu anaenda shamba. Usiku inarudi. Baadaye anapata buku mbili, duka la dawa wanamkatia nusu dozi kwa sababu hela ndo hiyo, mtoto anaanza kucheza kidogo, watu wanapumua. Halafu ghafla degedege, na hapo ndo majirani wanachanga nauli ya boda. Akifika kituoni swali la kwanza: ulikuwa wapi siku zote?

Karibuni.

Kibiriti_Ngoma

Natia nanga hapa nasubiri wajuzi

Mzee_wa_Gungu

Umeandika vizuri kijana lakini mnawatetea sana watu. Nimekulia Ujiji, nimeyaona. Mtoto chini ya miaka 5 sera inasema bure, mjamzito bure, vyandarua vinagawiwa, zahanati zimejengwa vijijini tangu ule mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, MMAM, wa 2007. Watu wanataka nini tena, waletewe sindano kitandani? Mtu anaanza kwa mganga, anamaliza kuku na mbuzi, akishindwa ndo anakumbuka hospitali. Hela ya pombe ipo, ya mchango wa harusi ipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walishamaliza. Na mbona sisi tulizaliwa kwenye umaskini huo huo na hatulazwilazwi ovyo?

MamaMigebuka

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima zote.

Hiyo bure ipo, imebandikwa ukutani nimeisoma. Ukishamaliza kuisoma unaambiwa dawa zimeisha kanunue nje. Sasa "nje" kwetu sisi wa mwambao wa kusini, huko Uvinza ndani ndani, ni wapi? Ukitoka nje ya zahanati unakutana na ziwa. Meli ya Liemba ilikaa miaka haitembei, mtu anategemea boti za mizigo, na ziwa likichafuka boti haiondoki hata uwe umebeba nani mgongoni.

Halafu wanaume humu mnahesabu hela ya daktari tu. Hela ya daktari ni ndogo. Mimi nikienda kituoni siku nzima imekwenda, dagaa niliowaanika mvua ikiwakuta wameharibika na huo ndo mtaji wenyewe, tena mtaji wa mkopo wa kikundi. Watoto wengine namuachia nani? Baba yao yuko kambi anavua simu haishiki. Mama mkwe anasema ni meno tu hayo, mtoto anaota meno, na nikimpita yeye nikaenda halafu nikaambiwa kweli ni homa ya kawaida, nitayasikia mpaka mwakani.

Na kuna jambo hamlisemi. Niliwahi kufika mahali, sipataji, nesi akaniambia mbele ya foleni nzima nikae mbali nanuka samaki. Ukishaambiwa vile unarudi lini? Unarudi mtoto akiwa amezimia, kwa sababu hapo aibu haina kazi tena.

Mganga mnamsema sana. Mganga anakopesha, mzee wangu. Anakwambia utanilipa mtoto akipona au ukivuna. Anakupa kigoda unakaa, anakuuliza kwenu ni wapi, anamjua mpaka bibi yako. Mimi siendi kwa mganga ila najua kwa nini watu wanakwenda.

Boda_Mwandiga

Dada umenena aisee. Mi napiga boda, usiku wagonjwa tunabeba sana. Niwe mkweli usiku bei inapanda, barabara mbovu, mafuta, unaweza kuvamiwa. Sasa kuna ile namba 115 ya m-mama, unapiga bure linakuja gari au dereva wa jamii anakuja na analipwa na serikali, imesaidia sana akina mama na vichanga. Lakini mtoto wa miaka mitatu wa degedege hayumo kwenye ule mpango. Bibi kapooza hayumo. Hao ndo wanakuja kwangu na baiskeli wanataka kuiweka rehani.

Kibiriti_Ngoma

Mkuu ulizichukua ngapi hizo baiskeli 😂

Boda_Mwandiga

Nakula kwa jasho langu mkuu acha hizo

Mtumbaku_Urambo

Mwangaluka wakuu. Mi niko Tabora lakini mada inatuhusu kabisa, kama mnabisha nendeni mkaangalie ripoti ya 2022 ile ya afya na malaria, Tabora tumeongoza nchi nzima, watoto chini ya miaka 5 wenye malaria asilimia 23 wakati taifa ni 8. Mwaka 2017 mlikuwa nyie Kigoma na 24 yenu. Tunapokezana kijiti.

Nataka niongelee bima maana najua kuna mtu atakuja kusema suluhisho ni bima. CHF mnayoisikia, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianzia huku kwetu, wilaya ya Igunga, majaribio katikati ya miaka ya 90, baada ya serikali kuanza kuchangisha hospitalini mwaka 1993. Sheria yake ikaja 2001. Halafu ikaja iliyoboreshwa, ilikuwa elfu thelathini kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Ukiwa mjini unasema elfu thelathini ni nini, si hela ya vocha hiyo.

Ila sikilizeni hesabu ya mkulima wa tumbaku. Hela yake inaonekana mara moja kwa mwaka, masoko yakifunguliwa na AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikishakata mkopo wa mbolea na pembejeo zote, na kuna mwaka makato yanaila yote anabaki na karatasi. Hapo hapo alipe ada, aezeke, alipe vibarua, anunue mahindi. Sasa malaria inakuja lini? Inakuja masika, mvua zimekolea, ghala limeisha, watu wote wako shamba mpaka watoto, na mfukoni hata jero haipo. Yaani ugonjwa na ukata vina kalenda moja. Kadi kama haikukatwa wakati wa masoko haikatwi tena, na kama ilikatwa ikaisha muda mwezi wa pili basi imeisha mwezi mbaya kuliko yote. Sheria ya bima kwa wote ilishapitishwa 2023, mi naisubiri kwa hamu, ila kama malipo hayatafuata msimu wa mkulima tutarudi hapa hapa kulaumiana.

Na hapo sijagusa moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku. Mtu anaamka usiku kuchochea kuni kwenye bani, mama na mtoto mgongoni wapo, mtoto anakohoa msimu mzima. Akipata nimonia tunasema baridi.

Mzee_wa_Gungu

Binti MamaMigebuka marahaba, na pole kwa hayo ya nesi, huo ni ushenzi na siutetei. Lakini bado hamjanijibu. Kigoma hii hii imetoa maprofesa, imetoa wabunge wa kupigiwa mfano, wanamuziki wakubwa wa nchi hii wametoka humu humu. Wao mbona walitoka?

Nesi_Zamu

Mzee wangu shikamoo, swali zuri, acha nilichukue polepole.

Waliotoka tunawajua majina kwa sababu ni wachache. Wale ambao hawakutoka huwezi kuwajua majina, mi nawajua kwa namba za vitanda.

Halafu nilisema umaskini wa muda mrefu, sasa ngoja niseme muda mrefu maana yake nini kwa mkoa kama huu. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Watu wanadhani reli ilileta maendeleo. Kwa Waha ilichobeba sana ni watu. Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la vibarua, vijana wanachukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, ndo wale manamba tunaosimuliwa na wazee. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU. Sasa mkoa ukishapangiwa kazi ya kutoa vibarua hakuna mtu wa kukujengea kiwanda, wala shule ya maana, wala barabara, maana ukijengewa utabaki kwenu na mkonge utakatwa na nani? Uhuru umekuja tumepata mengi, lakini mnajua wenyewe lami na umeme wa gridi vimeanza kutufikia lini. Juzi. Mtoto niliyempokea wodini jana mama yake kazaliwa gizani, bibi yake kazaliwa gizani, babu mzaa bibi alikuwa Tanga anakata mkonge.

Msidhani haya ni ya Afrika tu. Marekani miaka ya 1930 kulikuwa na shirika la serikali la mikopo ya nyumba, lilichora ramani za miji, mitaa ya watu weusi na wahamiaji ikapakwa rangi nyekundu, maana yake hatari, usiwakopeshe. Mwaka 2020 watafiti wakachukua zile ramani kwenye miji minane ya California wakaziwekea takwimu za pumu za siku hizi. Mitaa iliyopakwa nyekundu wakati ule, watu wake wanakimbizwa hospitali kwa pumu mara 2.4 zaidi ya mitaa iliyopendelewa. Waliochora wamekufa, ubaguzi ule ulishapigwa marufuku kisheria zamani, lakini mapafu ya wajukuu bado yanalipa. Nyumba zilibaki chakavu, barabara kuu na viwanda vikapelekwa huko huko, hewa ikawa ile.

Na mwilini pia kunaandikwa. Mama akiwa na upungufu wa damu tangu usichana, akibeba mimba analima mpaka wiki ya mwisho, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Daktari mmoja Mwingereza David Barker miaka ya 80 alionyesha kwamba maeneo ambayo zamani watoto wachanga walikufa sana ndo yale yale ambayo baadaye watu wazima wanakufa kwa moyo, na akaendelea kuonyesha wanaozaliwa na uzito mdogo ndo wanaosumbuka zaidi na moyo, presha na sukari ukubwani. Kwa hiyo mzee anayeletwa kapooza leo, usianze kumhesabia chumvi aliyokula mwaka jana.

Daktari_Kijiwe

Naomba kuongezea kidogo kwa mleta mada, maana kuna watu watasema basi huduma ikiwa bure na ikiwa karibu yote yataisha. Uingereza matibabu ni bure tangu 1948, na bado maeneo fukara ndo yanaongoza kwa watu kulazwa kwa magonjwa yanayozuilika. Mwaka 1971 daktari mmoja wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri inapatikana kidogo pale pale inapohitajika zaidi. Angalia kwetu: mtumishi mpya akipangiwa kituo cha ndani ndani anapambana ahamishwe mjini, na simlaumu, hana nyumba, hana maji. Anayebaki peke yake na foleni ile ndo anakuja kumtolea mtu maneno ya samaki.

Halafu kuna ule utafiti wa watumishi wa serikali London ulioanza 1967. Wote wana ajira, wote wana mshahara, hakuna fukara pale. Lakini kila ukishuka cheo vifo vinaongezeka, ngazi kwa ngazi, tarishi anakufa mapema kuliko karani na karani mapema kuliko bosi. Nafasi yako kwenye jamii yenyewe inaingia mwilini. Mtu anayeishi kila siku akisubiri janga, kesho itakuwaje, mwenye nyumba anakuja, hawezi kuwa na presha ya mtu aliyetulia.

Mzee_wa_Gungu

Nimewasikia. Hiyo ya manamba ni kweli, baba yangu mdogo alikwenda Tanga hakurudi, hatujui hata kaburi. Lakini siwezi kukubali kwamba mtu hana uamuzi wowote. Wapo akina baba wanakunywa hela ya mseto, nawafahamu, siyo historia hiyo, ni ulevi. Mkiwaambia ni Mjerumani mtawapa sababu ya kuagiza nyingine.

MamaMigebuka

Hapo mzee wangu nakuunga mkono asilimia mia. Ila hata mlevi wa mjini mtoto wake halazwi kama wa mlevi wa huku. Wa mjini mama akitoka mlangoni duka la dawa lipo hapo, jirani ana gari.

Mtumbaku_Urambo

Dada umemaliza kesi 😄

Nesi_Zamu

Mzee sikatai, walevi wapo, na mi mwenyewe kuna wanaume nimewahi kuwapa maneno wodini. Ninachokataa ni sisi watumishi kutumia neno uzembe halafu tunafunga faili.

Kuna vitu vinawezekana hata kabla ya hela kubwa kuja. Daftari la wagonjwa waliolazwa linaandika kijiji anachotoka mtu na ugonjwa wake, ila tukituma ripoti tunajumlisha magonjwa tu, kijiji kinaishia kwenye daftari. Kaeni nalo jioni moja mhesabu kwa vijiji. Nimewahi kufanya kwa wodi moja, siwapi namba siyo za kwangu kutoa, ila vijiji vilivyokuwa vinajirudia siyo vya mbali kuliko vyote. Kimojawapo kiko karibu tu, zahanati iko pale pale, wengi wamepanga mashamba ya watu, walihamia bila ardhi, hawaitwi kwenye mikutano ya kijiji na kwenye orodha za misaada hawamo. Ukiangalia kilomita peke yake hutawaona hao.

Pili wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, programu iliyozinduliwa Januari 2024. Mhudumu akiwa mtu wa pale pale anajua nani ameacha vidonge vya presha, nani mtoto wake hajatoka nje leo. Na mama akishaletwa na mtu anayemjua, kule kaunta hatukanwi kirahisi. Ila alipwe, kwa wakati. Huwezi kumwambia maskini mwenzao atembee milima ya Heru Juu kwa moyo wa kujitolea halafu ushangae ameacha kaenda kulima.

Tatu ni ya vidonge. Mgonjwa wa presha anayetoka mbali ukimpa vya wiki mbili umempa nauli mbili kwa mwezi. Hawezi. Atameza siku anayosikia kichwa, ataacha siku kichwa kikitulia, mpaka siku mshipa unapasuka.

MamaMigebuka

Hapo hapo nesi nina swali. Mama mkwe ni huyo huyo wa presha, anasema akisikia nafuu anapumzisha. Sasa hivi tunanunua vya kuhesabu, vitano vitano, kutoka kwa mtu wa boti, havina hata boksi. Naweza kuomba kituoni wampe vya miezi mingi kwa pamoja?

Nesi_Zamu

Omba dada, na sema wazi unatoka wapi na usafiri wako ni boti, wengi hawafikirii mpaka waambiwe. Presha yake ikiwa imeshatulia na dawa ipo stoo, mwandikaji anaweza kumwandikia vya miezi miwili au mitatu. Beba na daftari lake la kliniki, kama limepotea wafungue jipya siku hiyo hiyo. Hivyo vya mtu wa boti msiendelee navyo, hujui ni dawa gani wala imeisha muda lini, na kama imepigwa jua kwenye boti ndo kabisa. Na akishapewa za kituoni asipumzishe akisikia nafuu, hiyo nafuu ndo dawa inafanya kazi.

Kama vina maandishi ya kuchongwa kwenye kidonge nipigie picha unitumie PM, leo niko off.